Mjadala: Kwa nini bwana harusi anachangiwa kuliko mgonjwa?

Wakuu, habari za jioni. Kila ikitajwa michango ya harusi, lazima atokee wa kusema Watanzania ni wanafiki: sherehe ya usiku mmoja inakusanya mamilioni, mgonjwa wa figo anaambulia "pole sana, Mungu akuponye". Ukinzani huo upo, sibishi. Ila kwangu unafiki si jibu, na naomba mnipinge kwa hoja.

Tuangalie mambo yanavyokwenda. Harusi ina kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kikao kila Jumapili. Kadi ya mchango inakuja na kima chake, tuseme single 50,000, double 100,000. Ukiahidi unaandikwa. Usipotoa, orodha inatupiwa kwenye kundi la WhatsApp, jina lako na sifuri pembeni, shemeji zako wote wanasoma. Ukitoa unakula, unakunywa, unaonekana, na mwakani binti yako akiolewa unamfuata yule yule na kadi yako. Huo mimi siuiti msaada. Ni mkopo usio na riba, na daftari lipo.

Mgonjwa hana hata kimoja katika hivyo. Anayeomba ni mkewe, kwa aibu, saa sita za usiku, bila kima wala tarehe ya mwisho. Kila mtu anasubiri mwenzake aanze. Na mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kamati yake itavunjwa lini?

Najua mtaniletea mfano wa msiba. Sawa. Mgonjwa yule yule akifariki, kabla ya jioni kamati imeshaundwa, turubai limefungwa, basi la kwenda Moshi limelipiwa, na fulana zenye picha yake zinachapishwa. Hela ya dawa ilikosekana, ya jeneza ikapatikana. Inauma. Lakini jiulize anayechangia msiba anaogopa nini: anaogopa siku yake ikifika asikose wa kumzika. Daftari ni lile lile.

Hoja ya "hatuna uwezo" naikataa moja kwa moja. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, huko mikoani ilianza kwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Ni pungufu ya kadi ya mtu mmoja ukumbini! Bado wengi hawakukata bima hiyo. Mwenye haki ya kunijibu hapa ni yule aliyekata, akafika zahanati na kuambiwa dawa hakuna, nenda duka la dawa. Huyo simlaumu. Pilau ya harusi anaiona kwenye sahani. Bima anaambiwa aiamini. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, ila kumlazimisha mtu ajiunge ni jambo moja na yeye kuikuta dawa dirishani ni jingine.

Akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wametuzidi akili kitambo. Kila kikao, kabla ya hisa, kila mmoja anatia kiasi kidogo kwenye mfuko wa jamii. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mwanachama akiugua au akifiwa, katiba ya kikundi imeshasema anapewa kiasi gani. Hakuna anayepiga magoti, na kwa sababu hiyo hiyo hela inatoka.

Kwa hiyo napendekeza kila kamati ya harusi itenge sehemu ya kumi ya makusanyo iwe mfuko wa wagonjwa wa ukoo, kwa kima na daftari vile vile. Mwenzangu mmoja keshanicheka: "Mweka hazina ataila kabla ya fungate kuisha." Mwingine anasema bibi harusi hatakubali mapambo yapunguzwe kwa ajili ya shangazi asiyemjua.

Nyinyi mnasemaje? Na nani hapa amewahi kusimama kwenye kikao cha harusi akasema bajeti ya ukumbi ipunguzwe? Alijibiwa nini?