Mjadala: Kamati za mazingira za manispaa, tuwaachie madiwani peke yao?

Mleta mada: Wadau, Sheria ya Mazingira ya 2004 iliikabidhi Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kazi ya kuwa kamati ya mazingira ya manispaa, na waliomo ni madiwani. Kwa nini wasiongezwe wakazi na wataalamu, wakashauri kabla kibali cha ujenzi hakijatoka? Bonde la mto Msimbazi hapa Dar linajengwa kila mtu akiona, maji yakishaingia ndani ndiyo vikao vinaanza.

Wa Tabata: Unaongeza walaji wa posho tu. Halafu wanaoharibu Msimbazi ni hao hao wa bondeni. Wingu likitanda, wanatapisha vyoo, uchafu uende na mvua.

Mama Kigogo: Wee kijana, ishia hapo hapo! Gari la kunyonya maji ya choo linaishia kwenye lami, huku vichochoroni hata mkokoteni unapita kwa tabu. Tuyabebe kichwani? Na nyie wenye mageti, mitaro yenu inamwaga wapi kama si mto huo huo?

Wa Tabata: Sijataja Kigogo, mama. Umejishtukia.

Mama Kigogo: Bondeni ni wapi basi, Masaki kwa matajiri?

Jirani wa Nairobi: Huku kwetu kuna kamati za mazingira za kaunti, sheria ya 1999 ilirekebishwa 2015. Gavana anateua, na wafanyabiashara na wakulima wamo.

Mzee wa Ilala: Mto Nairobi mnaunywa siku hizi?

Jirani wa Nairobi: Mzee, hiyo ni chuki sasa 😂

Mleta mada: Turudi kwenye mada jamani.

Mzee wa Ilala: Mada ipi? Rambo, ile mifuko ya plastiki, ziliondoka kwa kamati? Waziri Mkuu alitangaza bungeni, Juni mosi 2019 ikifika muuza nyanya anakuuliza umekuja na kikapu. Ushauri bila rungu ni gumzo la kahawa.

Mleta mada: Mzee, mbona vile vifuko laini vya karanga vimerudi? Rungu likichoka, nani anabaki mtaani kuangalia? Ndiyo maana nataka wakazi.

Wa Tabata: Wakazi wenyewe hela ya taka hawalipi.

Mama Kigogo: Risiti ninazo! Nikilipa, gari lenyewe halionekani, viroba vinatoa funza barazani. Kwenu linapita?

Wa Tabata: Jumanne. Likitaka.

Mama Kigogo: Eti likitaka! Na bado unatusema sisi.