Naombeni ushauri: kazi ya vikundi kuhusu wanyama, mmoja anaandika wengine wanatazama

Mwl. Chaki
Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha darasa la nne, watoto 42. Kila kikundi kinatakiwa kichague mnyama, kitafute habari zake, kisha kiwasilishe mbele ya wenzao kwa bango la manila. Nimewagawa saba saba.

Shida ndiyo hii. Vikundi vinne vyote vinamtaka simba na hakuna anayekubali kumwachia mwenzake. Mwenye mwandiko mzuri ndiye anayeandika bango zima, waliobaki wanachonga penseli na kusukumana. Na kinachoandikwa ni cha kunakili tu: "Simba ni mamalia wa jamii ya paka." Ukimuuliza mamalia ni nini, anaangalia dari. Mabango yanapendeza kweli, ila kichwani hamna kitu. Nianzie wapi?

Bibi Kitabu
Pole mwalimu. Saba ni wengi mno. Weka wanne wanne, watano wakizidi sana. Hata mtu mzima, ukimweka kwenye kamati ya watu saba, atajificha.

Kuhusu kunakili, mimi siwalaumu watoto. "Andika kuhusu simba" si swali, ni jina, na kitabu kina sentensi iliyokwisha tayarishwa kwa kila jina. Wape swali ambalo jibu lake halijakaa mstari mmoja. Waliopata twiga waulize: je, ana mifupa mingi ya shingo kuliko wewe? Kwanza watabisha, kisha watajipapasa shingo zao, kisha watafungua kitabu kwa hamu. Watakuta twiga ana saba na binadamu ana saba, ila ya twiga ni mirefu ajabu. Waliopata popo: ana mabawa na anaruka, mbona haitwi ndege? Hapo watakutana na nywele za mwilini, kuzaa na kunyonyesha, na neno mamalia litakuwa jibu la ubishi wao, si neno la kukariri.

Wakishasoma, kitabu kifungwe ndipo waandike. Kikiwa wazi watanakili tu, hata uwakemee vipi.

Mama Watatu
Naongea kama mzazi. Tafadhali kazi hii ifanyike darasani mwanzo hadi mwisho. Ikija nyumbani tunaifanya sisi usiku, mtoto amelala. Mabango mengine mnayoyasifia huko ni ya akina baba.

Mwl. Chaki
@Mama Watatu 😂 Nilishangaa mtoto wa darasa la nne kuandika "mfumo ikolojia".
@Bibi Kitabu, nimekuelewa kwenye maswali. Ila huyu wa kuandika peke yake namtenganishaje na kalamu? Nimejaribu kuwapa vyeo: mwenyekiti, katibu, mtunza muda.

Bibi Kitabu
Vyeo viache. Mwenyekiti atatoa amri na katibu ataandika, umerudi palepale. Gawa swali, usigawe vyeo. Mmoja anatafuta chakula na jinsi kinavyopatikana, mwingine mwili, mwingine watoto na malezi, mwingine maadui na kujikinga. Kila mtoto ana kadi yake ndogo, anaandika kwa mkono wake, hata mwandiko ukiwa kama nyayo za kuku. Kadi ndizo zinazobandikwa kwenye manila. Alama toa kwenye kadi, si kwenye bango.

Siku ya kuwasilisha, usimuulize mtoto kuhusu kadi yake. Muulize ya jirani yake. Wakijua mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa, utawasikia wanafundishana kwenye kona za darasa bila kuambiwa.

Kinyonga Mpole
Naomba nimpinge Bibi kidogo. Maswali yakitoka kwa mwalimu tu, bado ni kazi ya mwalimu. Mimi huanza na karatasi yenye safu tatu: tunachodhani, tulichokuta, ambacho bado hatujui. Ya kwanza wanaijaza kabla ya kugusa kitabu chochote, na usiwasahihishe hapo, hata wakiandika maajabu.

Kikundi cha fisi waliandika "mwoga, anakula mizoga tu, dume ndiye mkubwa". Walipokuja kusoma kwamba fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, na kwamba jike ndiye mkubwa na ndiye mtawala wa kundi, wavulana wawili walikataa katakata mpaka wakatafuta kitabu cha pili. Hebu fikiria, mtoto anatafuta kitabu cha pili kwa hiari yake! Kinyonga naye anafaa sana, kwa sababu kila mtu "anajua" kwamba hugeuka rangi ya chochote anachokanyaga, kumbe hasira, joto na kuwasiliana na wenzake vina nafasi kubwa.

Simba: kila kikundi kitaje wanyama watatu kwa mpangilio wa kupenda, kisha pigeni kura ya vikaratasi. Atakayemkosa simba atanuna mpaka mapumziko, basi.

Bibi Kitabu
Safu tatu nakubali. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuuliza swali darasani, ukimwambia "uliza", atakuuliza simba ana rangi gani. Raundi ya kwanza mwonjeshe maswali yako, ya pili aje na yake.

Mdudu Mwema
Mbona wote mnakimbilia wakubwa ambao watoto watawaona kwenye picha tu? Kikundi kimoja kipeni konokono wa bustanini. Mwacheni atambae juu ya kioo, kisha watoto wamtazame kwa chini. Wataona mawimbi yakipita kwenye unyayo wake, moja baada ya jingine, naye anasogea bila kuinua chochote. Watagundua pia kwamba macho yako kwenye ncha za zile pembe ndefu, na ukigusa kidogo yanarudi ndani. Hakuna wa kumnakili hapo. Lazima aandike alichokiona.

Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipoanza kazi Gombe, Kigoma, mwaka 1960 hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikaa akatazama sokwe, akaona wakichokonoa vichuguu kwa majani ili kunasa mchwa. Wasimulieni hilo kabla hamjagawa vitabu.

Mwl. Chaki
Hili la konokono limenikosha. Nitaanza na vikundi vya wanne, kadi, na safu tatu. Mdudu Mwema, nimtunze vipi huyo mgeni asije akafia darasani?

Mdudu Mwema
Kopo lenye matundu kwenye kifuniko, udongo wenye unyevu, majani mabichi, likae kivulini. Chumvi isimkaribie kabisa. Kazi ikiisha arudishwe mlikomtoa. Na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, usikubali visingizio.