Bibi ana mtoto wa jicho na ameanza kusahau, vinahusiana?

BintiPangani: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Bibi yangu ana miaka 78. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, la kulia limeshakuwa jeupe. Zamani alisuka ukili barazani jioni nzima, sasa ameacha, anakaa tu. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la marehemu mama. Wajomba wanasema ni uzee. Mimi sikubali. Macho yanaweza kuchangia?

MuuguziMacho: Yanaweza. Mwaka 2021 watafiti wa Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya wazee zaidi ya 3,000: waliotolewa mtoto wa jicho walikuwa na hatari ya ugonjwa wa kusahau pungufu kwa karibu asilimia 30. Hilo peke yake halithibitishi kwamba upasuaji ndio uliowakinga. Ila mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet nalo liliingiza uoni hafifu usiotibiwa kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari. Asiyeona hujitenga, na ubongo hukosa kazi. Lakini dada, asiyeona vizuri hukosea nyuso hata kama kumbukumbu ni nzima. Alikuita vile kabla hujaongea?

BintiPangani: Ndiyo! Niliingia kimya. Nilipomwamkia tu akasema, "Marahaba mjukuu wangu."

MuuguziMacho: Basi apimwe macho, kumbukumbu na sukari pia. Usisubiri wajomba wakubali.

BintiPangani: Jumatatu nampeleka. Ukili wake bado nimeutunza.