Biashara kwenye chuo cha jamii, California: cheti, digrii ya kawaida, au ile ya kuhamia chuo kikuu?

binti_ujiji
Heshima kwenu wakuu. Nina grini kadi, nina mwaka na nusu California, nafanya kazi ghalani saa 40 kwa wiki. Nataka kusoma biashara chuo cha jamii, kisha nimalizie shahada chuo kikuu cha serikali. Kwenye orodha ya chuo naona cheti, AS (digrii ya kawaida ya chuo cha jamii) na AS-T (ile ya kuhamia chuo kikuu), zote za biashara. Nichukue ipi, nianze na yuniti (kipimo cha uzito wa kozi) ngapi? Na je, uhasibu niliosoma sekondari Tanzania utanisaidia?

mzee_wa_ratiba
Karibu dada. Kwa lengo lako, chukua AS-T ya Business Administration. Herufi T ndiyo yenye uzito. Ina yuniti 60 ambazo zote zinahamishika, na ukimaliza ukiwa na GPA (wastani wa alama) ya 2.0 au zaidi, sheria inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU, yaani California State University. Huko unabakiwa na yuniti 60 tu, mradi uendelee na fani inayolingana. Uhakika huo ni wa mfumo, si wa kampasi unayoipenda. Kampasi zenye msongamano huchagua wenye GPA ya juu, kwa hiyo usiridhike na 2.0.

AS ya kawaida inaweza kuwa na kozi za kazi kama mauzo ya rejareja au programu za hesabu za ofisini. Kozi nzuri, lakini baadhi yake hazihamishiki, na hapo ndipo watu wanajikuta wana yuniti 60 na chuo kikuu kinapokea 40. Cheti kinamfaa anayetaka kazi ya haraka.

Kozi za msingi za AS-T kwa kawaida ni uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, uchumi mikro, uchumi makro, sheria ya biashara, utangulizi wa biashara, na takwimu au kalkulasi. Uhasibu wa fedha lazima utangulie ule wa menejimenti. Ukiuchelewesha hadi mwaka wa pili, ratiba nzima inasogea, maana vyuo vingine havifundishi kozi hizo mbili kila muhula kwa saa za jioni. Kozi za jumla sasa zinafuata mpango wa Cal-GETC, ulioanza muhula wa vuli 2025. Ukikuta karatasi ya zamani inayosema IGETC, mpango uliotangulia, iweke kando umwone mshauri wa masomo akuandikie mpango mpya.

hesabu_ya_mfuko
Kuhusu mzigo: yuniti moja ni kama saa tatu za kazi kwa wiki, saa moja darasani na mbili za kujisomea. Yuniti 12 ni saa 36. Ukijumlisha na ghala lako ni saa 76 kwa wiki, na mtu hadumu. Anza na yuniti 6 au 7.

Fedha sasa. Kwa kuwa una zaidi ya mwaka mmoja na siku moja katika jimbo, unaweza kulipa ada ya mkazi, dola 46 kwa yuniti. Andaa ushahidi wenye tarehe: mkataba wa nyumba, kodi ya mapato ya jimbo, leseni. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, mapema, ni bure. Ukiona tovuti inadai malipo, toka. Mwenye kipato kidogo hufutiwa hizo dola 46 kupitia California College Promise Grant, ila ada ya afya, maegesho na vitabu vinabaki juu yako. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu, ya juu kwa 2025–26 ni dola 7,395, nayo hupimwa kwa yuniti: ukichukua 6 unapata asilimia 50 ya kiwango chako.

Mahali watu wanapoumia ni kuacha kozi. Ukiacha kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada wa serikali kuu hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai. Hata W moja, alama ya kozi uliyoiacha, inaingia kwenye hesabu ya maendeleo kwa ajili ya msaada: kwa kawaida unatakiwa kumaliza walau asilimia 67 ya yuniti ulizojaribu. Kama kozi imekushinda, iache ndani ya wiki mbili za mwanzo, kabla ya tarehe ya kurudishiwa ada. Tarehe hiyo iko kwenye risiti ya usajili, na kozi fupi zina tarehe yake.

leja_na_urari
Uhasibu wa sekondari utakusaidia sana wiki tatu za mwanzo: leja, urari, debiti na krediti ni zilezile. Tofauti zipo. Tanzania hufuata kanuni za uhasibu za kimataifa, IFRS, Marekani zake, GAAP. Hapa utafundishwa LIFO, yaani kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza, njia ambayo IFRS hairuhusu. Na kupandisha thamani ya jengo vitabuni, ambako IFRS inakubali, GAAP inakataa.

Wengi wanaanguka kwenye maingizo ya marekebisho. Mfano: bima ya mwaka mzima, dola 1,200, imelipwa Oktoba 1. Desemba 31 gharama ni 300 tu, na 900 bado ni mali. Anayeandika 1,200 yote kama gharama kwa sababu fedha imeshatoka, amepunguza faida kwa dola 900. Kila ingizo jiulize huduma imetumika kiasi gani, usiulize fedha ilitoka lini. Fanya mazoezi kwa mkono kwenye akaunti za umbo la T kabla ya kugusa kompyuta.

Angalizo la vitabu: kitabu kilichotumika ni rahisi, lakini mara nyingi hakina msimbo wa kuingilia kazi za nyumbani mtandaoni, na kazi hizo zina alama. Muulize mwalimu kabla ya kununua. Kwenye ratiba tafuta madarasa yenye alama ya ZTC, hayana gharama ya kitabu.

binti_ujiji
Asanteni sana. Sasa takwimu au kalkulasi?

mzee_wa_ratiba
Inategemea unakoelekea. Fungua assist.org, weka chuo chako, weka chuo kikuu, chagua fani. Kitakuonyesha kozi kwa kozi. Kampasi kadhaa za CSU zinataka takwimu, nyingine kalkulasi ya biashara, na nyingine zote mbili. Programu nyingi za biashara na uchumi za UC (University of California, mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo) zinadai kalkulasi. Ukiwaza UC, kuna TAG, mkataba wa nafasi kwa kampasi sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unaomba kampasi moja tu, kati ya Septemba 1 na 30, na baadhi ya fani zimeondolewa, kwa hiyo soma orodha ya mwaka wako. Linganisha kampasi tatu kwenye ASSIST kabla ya kujisajili hesabu yoyote.