Farasi wa kuchinjwa: wapandishwe ndege wakiwa hai au ipelekwe nyama?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Kanada ina biashara ya kupakia kwenye ndege farasi wakubwa wa kazi, wengi kutoka majimbo ya Alberta na Manitoba, na kuwapeleka Japani. Wakifika wananenepeshwa, wanachinjwa, na nyama huliwa mbichi, hasa mkoa wa Kumamoto, ambako inaitwa basashi. Mbunge Tim Louis alipeleka Muswada C-355 mwezi Septemba 2023 ili kuizuia. Wabunge wakaupitisha Mei 2024, ukaenda kukwama Seneti, na kikao cha Bunge kilipofungwa Januari 2025 ukafa nacho.

Simsemi mtu anayekula farasi. Mimi ng'ombe nakula, sina la kumwambia. Ninachouliza ni ile safari.

Julai 2021, kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, ndege iliondoka Liège, Ubelgiji, na farasi 36 wa mashindano, ikapitia Dubai, ikatua uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo. Walikaa wawili wawili kwa sanduku, saisi wao (mtunza farasi) ndani ya ndege, hei (majani makavu) mbele ya pua. Wa kuchinjwa wanaokwenda Japani hiyohiyo hubanwa watatu au wanne kwenye sanduku la mbao, na kanuni za Kanada zinaruhusu hadi saa 28 bila chakula, maji wala mapumziko. Saa hizo huanza kuhesabika zizini. Lori la kwenda uwanja wa ndege, kusubiri kupakiwa, ndege yenyewe, kushushwa, vyote vimo humo.

Farasi hawezi kutapika, na tumbo lake limeumbwa kula kidogokidogo mchana kutwa. Akikosa maji na majani kwa muda mrefu, utumbo unaziba, anasokotwa na tumbo, anaweza kufa. Tena asipopata nafasi ya kuinamisha kichwa hawezi kutoa makamasi na vumbi kifuani, na nimonia ya safari huanzia hapo. Mapafu ya farasi wa medali na ya farasi wa bucha ni yaleyale. Kwa hiyo msimamo wangu: kama hawa hawawezi kusafirishwa kwa masharti ya wale, wachinjwe hukohuko Kanada na ipelekwe nyama. Naomba kuwasilisha.

Dereva wa semi

Mkuu, farasi sijawahi kubeba, ila ng'ombe wa Kanda ya Ziwa nimewafikisha sana mnada wa Pugu. Mnyama haumizwi na kilomita peke yake. Gari likitembea, hewa inapita. Likisimama juani kwenye foleni ya mizani, humo ndani panakuwa tanuri. Halafu kuna breki. Mnyama aliyesimama anafanya kazi ya kujishikilia njia nzima, na dereva anayelipwa kwa tripu hana habari naye. Hizo saa 28 zenu hazisemi lolote kuhusu mguu wa dereva.

Mfugaji

Nyie mnaopenda marufuku, tazameni Marekani. Mwaka 2007 machinjio ya mwisho ya farasi yalifungwa, watu wakashangilia. Farasi wakapakiwa malori kwenda kuchinjwa Mexico na Kanada. Safari ikarefuka, na hakuna aliyepona. Mfugaji wa Manitoba naye ana watoto wa kusomesha. Mnamnyang'anya soko, kisha mnampa nini?

Mleta mada

Mkuu Mfugaji, mfano wako mzito, lakini unanisaidia mimi. Marekani walifunga machinjio wakaacha mpaka wazi. Uingereza wamefanya kinyume chake: sheria ya 2024 inazuia kuwatoa hai farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe kwenda kuchinjwa nje, lakini kuchinja nyumbani ruksa, na farasi wa mbio wanasafiri kama kawaida. Soko la Manitoba halifi. Kanada inachinja farasi, na nyama yake iliyopozwa inauzwa Japani tayari.

Dereva, hapo kwenye kusimama umenigusa. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2005: farasi asizidi saa 24 njiani, na anywe maji kila baada ya saa 8. Sawa, ila akishapumzishwa saa 24 anapakiwa tena, na hesabu inaanza upya.

Mfugaji

Nyama iliyopozwa na ya mnyama aliyenenepeshwa kwao Japani si bei moja, mkuu. Kama shida yako ni masharti, basi andika masharti: wawili kwa sanduku, saisi, maji kila saa 8. Atakayemudu asafirishe. Marufuku ya nini?

Mleta mada

Nakubali, kwa sharti la kukaguliwa wakati wa kushusha, si kupakia tu. Ila piga hesabu: sanduku la wanne likibeba wawili, nauli ya kila kichwa inapanda mara mbili. Unadhani atabaki msafirishaji?

Mfugaji

Watabaki wachache. Kumamoto wanalipa.