Camaro ya 1969: kugonga namba upya kwenye bloku ni ukarabati au utapeli?

KipangaOhio: Wakuu habari za jioni. Kuna Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, ile Camaro ya mbio, nimeonyeshwa huku Columbus, muuzaji mzungu mzee, mstaarabu tu, anaapa injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani Norwood. Bei sasa, si ya kitoto. Nimemulika tochi pale kwenye kibapa cha bloku mbele ya hedi ya kulia, oltaneta inakiziba, nikasoma V0311DZ na pembeni yake 19N na tarakimu sita zinazolingana na chesis. Jamaa yangu anasema huenda imeskimiwa, yaani uso umechongwa namba ya zamani ikafutika, ikagongwa upya. Naomba mawazo, mtu akirudishia namba zile zile kwenye bloku nyingine huo ni utapeli au ni ukarabati kama kupaka rangi?

FundiSoweto: Utapeli, mchana kweupe. Kiwandani uso wa bloku ulisawazishwa kwa kisu kinachoacha mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, sasa ukikuta pamelainika au kuna miduara ujue mashine imeshapita hapo. Na Chevrolet usiwategemee, magari yaliyouzwa Marekani enzi zile hawana rekodi zake. Pontiac wana PHS, watunza rekodi zao, unalipia unaletewa karatasi, gari iliyouzwa Kanada utawauliza GM Kanada, maana GM ndio wenye Chevrolet, wenye Camaro ya Marekani tunabaki kusoma chuma. Chesis yako inaanza 12437 si ndio? Hiyo inasema ni V8 basi, Z/28 haisemi popote. Ndo maana DZ, ile alama ya injini ya Z/28, inagongwa na kila mwenye nyundo.

OldTownBoy: Wacha drama wewe. Hiyo 302, injini ya Z/28, iliundwa kwa ajili ya mashindano ya magari ya Trans-Am, mwisho lita 5, watu walikuwa wanaikamua mpaka inapiga kelele, zimepasuka nyingi tu. Waranti ikiwa bado, GM walikuwa wanakupa bloku mpya imegongwa CE. Sasa kwa hesabu yako mwenye CE naye ni mwizi? Na mnavyojifanya wasafi, si Gerezani hapo Dar namba ya injini inagongwa ukisubiri chai ipoe.

MtotoWaIlala: Hapo kwenye Dar umenigusa. Mkenya unapata wapi mdomo wa kuongelea Gerezani wakati nyinyi ukipaki gari jioni saiti mira zinaondoka, asubuhi unaenda Grogan, kwenye spea pale Nairobi, unauziwa za kwako mwenyewe na unaambiwa bosi hizi ni original kabisa?? Tena bila aibu.

OldTownBoy: Mimi ni wa Mombasa, hao wa Nairobi wapige tu, hainiumi.

MtotoWaIlala: Kwa hiyo Mombasa si Kenya leo? Haya.

MwalimuChuma: Jamani tumsaidie mwenzetu. Kipanga achana na kibapa kwanza, kile kinachezewa kirahisi. Lala chini uchungulie nyuma ya bloku inapokutana na giaboksi. Upande wa dereva kuna namba ndefu, upande wa abiria kuna herufi na tarakimu. Zile hazikugongwa, zimesubiwa na chuma chenyewe, zimeinuka juu ukizipapasa. Herufi ni mwezi, A ni Januari, halafu siku, halafu mwaka. Tuletee.

BabaJunior_Dallas: Hii habari ya Gerezani mnaizidisha. Bongo namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini unatakiwa uende TRA wabadilishe. Marekani nani anakuandikia namba ya injini kwenye taitoli? Kwa hiyo kiukweli sisi tuko mbele.

OldTownBoy: Unatakiwa uende. Ulienda?

BabaJunior_Dallas: Tusiingiliane kwenye mambo ya binafsi.

BintiLamu: Mie nimekwama pale juu. "Mzungu mzee, mstaarabu tu." Angekuwa Mswahili mwenzio anauza gari hiyo hiyo ungeshamwita dalali, ukataka na kitambulisho.

KipangaOhio: Dada yangu sikumaanisha hivyo, nilimaanisha hana papara, kanikaribisha mpaka kahawa. Mwalimu nimerudi leo nimelala chini ya gari, nguo imeharibika. Upande wa dereva 3956618, upande wa abiria C149.

BintiLamu: Kahawa!! Basi yameisha.

MwalimuChuma: 3956618 haina shida, bloku za 302 za mwaka huo zipo zenye namba hiyo. C149 ni Machi 14, 1969. Muhuri wako wa juu, V ni Flint, 0311 ni Machi 11. Yaani injini imeunganishwa siku tatu kabla bloku yenyewe haijasubiwa. Nadhani sina la kuongeza.

OldTownBoy: Kutu ya miaka 50 na ushee, 0 unaisoma 4. Inaweza ikawa C109.

FundiSoweto: C109 ni Machi 10, ipoe, ichongwe, ivae pistoni na igongwe muhuri kesho yake? Bloku hiyo ilipanda bodaboda?

KipangaOhio: Ila Binti suala la kahawa si la kunitania hivyo, mimi sijawahi kudharau Mswahili mwenzangu, nimemuuliza muuzaji maswali yote.

FundiSoweto: Ulimuuliza la giaboksi? Kuanzia 1968 GM waligonga kipande cha namba ya chesis kwenye giaboksi pia. Kama ile giaboksi ya Muncie ina namba tofauti, au imekwanguliwa, ujue mzee wako anajua anachouza.

KipangaOhio: Sijauliza. Ila amenipigia, nikilipa wiki hii anashusha.

MwalimuChuma: Anashusha kwa sababu gani? Nunua kama gari nzuri yenye injini nyingine, kwa bei ya gari yenye injini nyingine. Kosa si kuiskimu bloku, kosa ni ile nyundo, na mdomo unaofuata baada ya nyundo.

BabaJunior_Dallas: Na mngemwambia pia asifikirie kuipeleka nyumbani. Kenya ikipita miaka 8 haiingii, tena hiyo usukani uko kushoto. Bongo itaingia ila ushuru wa uchakavu utakuliza.

OldTownBoy: Nani kasema anaipeleka nyumbani?

MtotoWaIlala: Hebu OldTown, tangu jana unatufundisha injini. Wewe unaendesha nini?

OldTownBoy: Probox.

MtotoWaIlala: Injini yake ya kwanza?

OldTownBoy: Ya tatu. Na logbuku ninayo, njoo usome.