Nimepata kazi Dodoma natokea Mombasa: niende sasa au nisubiri kibali?

Mwana wa Likoni (mwanzisha uzi)
Assalam alaykum na habari zenu wakubwa. Mimi ni Mkenya, mhasibu, mzaliwa wa Mombasa. Nimepata kandarasi ya miaka miwili kwenye kampuni moja ya ujenzi huko Dodoma, na mshahara nimeridhika nao. Tatizo ni kwamba wataka niripoti tarehe mosi na kibali cha kazi hakijatoka. Mtu wao wa utumishi ameniambia nivuke mpaka wa Horohoro kama mgeni tu, nianze kazi, "karatasi zitafuata". Mke wangu ana saluni hapa, naye ataka kufungua nyingine huko. Tuna mtoto wa miaka mitatu. Halafu mimi sijapata kukaa mbali na bahari maisha yangu yote. Nyumba nitafute wapi, na mtu hufanya nini huko mwisho wa wiki? Msinifiche.

Noah ya Mwisho
Karibu sana. Njoo tu ndugu yangu, Afrika Mashariki ni moja. Tangu 2010 kuna soko la pamoja, Mkenya hapa si mgeni.

Fundi Mkongwe
Noah ya Mwisho, usimponze mwenzio. Itifaki ya soko la pamoja ipo, lakini kibali bado kinatakiwa. Na ni vitu viwili tofauti, mleta uzi: kibali cha kazi unakipata kwa Kamishna wa Kazi, kibali cha ukaazi daraja B unakipata Uhamiaji. Ukivuka kama mgeni, muhuri wa mpakani unakuruhusu kutembea, si kukaa mezani na kupiga hesabu za kampuni.

Nimeshuhudia kwa macho yangu. Kwenye mradi niliokuwa, aliletwa fundi mitambo kutoka nje kwa maneno hayo hayo ya "karatasi zitafuata". Siku maafisa walipokuja kukagua ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai, yeye yuko na kofia ngumu kichwani na mikono imejaa grisi. Utamwambia nani kwamba unatembea? Aliyelala kituoni ni yeye, mtu wa utumishi alirudi kwake kula chakula cha usiku. Waambie waajiri wako wakutumie nakala za vibali kwanza, ndipo ukate tiketi. Wakikasirika, hapo umeshajua ni waajiri wa aina gani.

Mama Zabibu
Kuhusu shemeji na saluni, pole, ila bora ujue mapema. Mwezi wa saba 2025 serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo, na saluni imo, isipokuwa ya hotelini au ya watalii. Huko kwenu si ndiyo mlilalamika mno? Tena akija kama mtegemezi wako, karatasi yake haimruhusu kufanya kazi. Asiuze viti na madraya kabla hamjakaa mkaongea.

Nyumba sasa. Kila mtu atakutajia Ilazo, Kisasa, Area C. Wewe uliza kwanza ofisi iko wapi, maana kama ni Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kukaa Nkuhungu ni kujitesa, utavuka mji mzima kila siku. Kodi wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali ana mwezi wake juu. Lakini kinachowakimbiza wageni Dodoma si kodi, ni maji. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo kimya. Maji ya mgao yana siku zake, na visima vingi vina chumvi. Mimi nyumba yangu ya kwanza niliipenda kwa vigae. Siku ya kwanza nikachemsha chai, nikaonja, nikadhani mtoto kakosea, katia chumvi badala ya sukari. Kumbe ndiyo maji yenyewe. Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, onja maji ya bombani, halafu gonga simtanki kwa kiganja. Likilia kama ngoma, ondoka.

Kijana wa Miyuji
Joto letu si kama la Pwani, ni kavu. Hutoki jasho ila midomo inapasuka. Na usiku wa Juni na Julai ni baridi, beba masweta ya mtoto.

Mwisho wa wiki panda barabara ya Kondoa mpaka Kolo, ukaone michoro ya miambani, iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Lazima uende na mwongoza wageni, na uwe na viatu vya kupandia, si makubadhi. Hamu ya bahari ikikuzidi, tangu 2024 kuna treni ya umeme, unapanda asubuhi na kabla ya adhuhuri uko Dar. Samaki tunao pia, wa bwawa la Mtera. Usiwalinganishe na changu wako lakini.

Noah ya Mwisho
Sawa, nimekosea kwenye kibali. Kwa Mtera sikubali dharau, perege wa kukaanga yule hana mpinzani.

Mwana wa Likoni
Shukrani sana. Nimewaandikia waajiri kwamba sivuki bila nakala. Wamejibu leo: tarehe mosi imekuwa "mwezi ujao, Mungu akipenda". Basi nimejua karatasi hata hazijapelekwa. Mke wangu nilimsomea ya Mama Zabibu, akanyamaza kitambo, kisha akasema: tangulia wewe, mimi na mtoto tutakuja likizo, saluni siifungi. Sijui nifurahi au nilie. Swali la mwisho: huko watu huamkianaje?

Mama Zabibu
Kwa Kigogo, lugha ya wenyeji wa Dodoma, ni "mbukwenyi". Anza na hiyo kwa mwenye nyumba, huenda hata kodi ikapungua. Mkeo yuko sahihi. Ukifika, Jumamosi ya kwanza nenda mnadani Msalato ukale mbuzi wa kuchoma, ila kanzu nyeupe iache nyumbani, vumbi la pale halina adabu.